Shajara ya mradi: matembezi ya Kamalondo kwa ajili ya wazee waliopotewa na kumbukumbu

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tumekutana uani mwa parokia, kila mtu ndani ya koti, maana baridi ya Juni hapa Lubumbashi haina huruma. Kikundi chetu hakina jina bado. Wengi wetu ni watoto wa wastaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Tulikuwa tukionana kwenye vilio tu, na hukohuko kwenye vilio, usiku wa manane watu wakishachoka kuimba, ndiko tulikoanza kunong'onezana kwamba fulani ana mzee nyumbani asiyewatambua tena watoto wake. Mimi nimepewa ukatibu kwa sababu ni mwalimu, na mwalimu anadhaniwa hakosi kalamu.

Jambo moja limepita bila ubishi: tutafanya matembezi ya kuchangia familia zinazolea wazee wenye demensia, Jumamosi ya tarehe 20 Septemba. Siku ya Alzheimer Duniani ni tarehe 21, lakini mwaka huu ni Jumapili, na Jumapili kila mtu hapa ana kanisa lake.

Mengine yote tumebishania. Kuna wanaotaka tuanzie mjini, Place de la Poste, fanfari mbele, tisheti zenye maandishi, kamera za televisheni. Kuna wanaotaka mzunguko mfupi huku kwetu Kamalondo. Katibu hatakiwi kuwa na upande, lakini ninao. Mama mmoja wa Katuba aliuliza: "Mama yangu anatembea kutoka chumbani mpaka ku mwembe, basi. Ku mji mutamufikisha na nini?" Hakuna aliyemjibu. Tumeahirisha.

Jumamosi, 5 Julai

Mjini kumeshindwa kwa kura. Walioshindwa hawajafurahi, na wawili wametangaza kwamba hawatachanga. Hewala.

Njia tumeipima kwa miguu. Kamalondo ni miongoni mwa sité (mitaa ya makazi) za zamani kabisa za mji huu. Barabara zake zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, na hakuna mlima. Tutatoka parokiani, tutapita karibu na uwanja wa TP Mazembe, tutazunguka na kurudi. Kilomita mbili hivi. Kijana anaifanya kwa nusu saa, sisi tumeipangia saa mbili. Kila penye mwembe mkubwa tutaweka viti na ndoo ya maji, na wenye nyumba tumewaomba watufungulie vyoo. Hilo la vyoo limetuchukua muda kuliko yote. Watu wanakubali haraka kutoa viti, lakini choo wanakwenda kwanza kukitazama.

Tutaanza saa moja asubuhi. Wengi wetu tunajua bila kuambiwa na daktari kwamba wagonjwa hawa huharibikiwa jua likianza kushuka: wanatangatanga, wanagombana na vivuli, wanadai kurudishwa nyumbani wakiwa wamekaa ndani ya nyumba yao. Asubuhi ndio saa yao nzuri. Tena Septemba ikifika, saa tano tu jua linachoma na vumbi limeshaamka.

Jumamosi, 12 Julai

Muuguzi wa kituo cha afya amekuja kutufundisha, na amefundisha vizuri kuliko semina nyingi nilizolipwa kuzikalia. Ameanza kwa kutukataza kusema "ni uzee tu". Mzee mzima anasahau jina la jirani, kisha jioni analikumbuka mwenyewe. Mgonjwa anawasha mbabula, jiko la makaa, anateleka chungu kisicho na maji, anatoka zake nje, na ukimuuliza anaapa kwamba hajagusa moto tangu asubuhi. Nusu ya ukumbi iliguna. Kila mmoja alikuwa na chungu chake cha kusimulia.

Demensia ni jina la hali, si la ugonjwa mmoja. Alzheimer ndiyo inayoongoza: kati ya wagonjwa 100, 60 hadi 70 wanayo. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kuvuja, na hapo muuguzi alikaa sana, maana presha tunayo wengi na dawa tunaziacha pindi kichwa kinapoacha kuuma. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 57 waliokuwa wakiishi na demensia mwaka 2021, na zaidi ya 60 kwa kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. "Kumbe haiko ya Bazungu," akasema mtu nyuma. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja visababishi 14 vinavyoweza kupunguzwa, presha, kisukari, uziwi na kukosa shule vikiwemo; vyote vikidhibitiwa, karibu 45 kati ya kila wagonjwa 100 wangeepuka au wangechelewa kuugua. Nilipoandika "uziwi" nilikumbuka mafundi wa zamani wa kiwandani, waliozeeka wakipigiana kelele kwa sababu mashine ziliwala masikio.

Dawa ya kuponya hakuna. Lakini kuna hali zinazofanana na demensia ambazo zinatibika: tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya siku nyingi, damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya mtu kuanguka, huzuni nzito, hata vidonge vya usingizi. Kwa hiyo mzee apimwe kwanza. Alitutajia kituo cha Joseph Guislain hapa mjini, ambacho wengi wetu tulikuwa tunakijua kama mahali pa wendawazimu tu, pa kupita upande wa pili wa barabara.

Nikamuuliza kuhusu vipimo, maana nilisikia mgonjwa anatakiwa achore saa ya mishale na ataje ni majira gani kati ya manne. Sisi majira tunayo mawili, mvua na kiangazi, na mama yangu hakuwahi kushika kalamu maishani. Akasema lipo dodoso lililotengenezwa kwa ajili ya watu wasiosoma, linaitwa CSI-D, na sehemu yake moja anaulizwa ndugu anayeishi na mgonjwa. Ndilo lililotumika katika utafiti wa Kongo-Brazzaville na Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2011 na 2012. Na Kinshasa kwenyewe Profesa Jean Ikanga, anayefanya kazi pia Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, anachunguza Alzheimer kwa Wakongo pamoja na wenzake. Watu walipenda sana kusikia hilo, kuliko hata habari ya vitamini.

Jumamosi, 19 Julai

Barua kwa mamlaka imekwenda. Katiba ya 2006, kifungu cha 26, inawataka waandaaji wa maandamano waiarifu serikali kwa maandishi. Kuarifu, si kuomba. Kwenye dirisha moja tulilopita walikuwa na maoni tofauti, na maoni hayo yalikuwa na bei. Mwenzetu aliyesoma sheria alikisoma kifungu kwa sauti ya kanisani, mara mbili, foleni yote ikisikiliza. Muhuri umepatikana.

Jumamosi, 2 Agosti

Pesa. Ndugu wa mwanakamati mmoja, anayeishi Ulaya, alituandikia jinsi wanavyofanya kule: mtembezi anatafuta watu wa kumchangia kwa sababu anatembea. Huko Marekani chama cha Alzheimer's Association kimefanya hivyo tangu 1989, na sasa ni mamia ya miji kila mwaka. Tukaenda kujaribu maneno hayo soko la Kenya. Muuza samaki mmoja alicheka mpaka akakalia ndoo yake: "Miye natoka Katuba na mguu kila siku, beseni ku kichwa. Nani ananilipaka?"

Mweka hazina wetu ndiye aliyetuokoa. Ni mjane, mtu wa maneno machache. Alisema: tufungue daftari la kilio.

Wasiotoka huku niwaeleze. Mtu akifa, mlangoni kwa wafiwa huwekwa meza na daftari. Kila anayeingia anaandikwa jina na alichotoa, na baadaye husomwa mbele za watu. Hakuna anayehitaji kufundishwa, hakuna anayetaka jina lake likosekane. Pesa ya kilio inatoka usiku uleule: jeneza, gari, unga, maji, hema. Mzee huyohuyo alipokuwa hai, akijisaidia kitandani, binti yake alizunguka mtaa mzima kutafuta sabuni ya mkopo akaikosa. Hili mimi nimeliona kwa macho, na ndilo linalonikasirisha katika habari hii yote, kuliko hata ugonjwa.

Basi meza tumeiweka mbele ya lango la parokia, kitambaa cheupe, daftari, kalamu imefungwa kwa uzi. Picha hatukuweka. Mpita njia mmoja alivua kofia akauliza nani amekufa. Tukamwambia bado. Akasimama kidogo, akatoa franka 2,000, akaandikwa.

Wa mbali wanatuma kwa simu. Wenye vinu vya kusaga wameahidi unga.

Jumamosi, 16 Agosti

Bangili. Wazo lilitoka kwa kijana ambaye babu yake alipotea akapatikana siku ya pili upande wa Ruashi, viatu mkononi, watoto wakimrushia mawe. Familia ilikuwa imeshapeleka tangazo redioni. Tumekwenda kwa mafundi wa shaba, hawa wanaochonga picha na vyombo vya kuuzia wageni. Mji huu unachimba shaba zaidi ya miaka mia na wengi wetu hatuna hata kijiko chake.

Fundi anagonga namba mbili za simu kwenye bangili pana, basi. Jina hatuweki, maana mtu akijua jina la mzee anaweza kumwita kama anayemfahamu na kuondoka naye, au na simu yake. Namba mbili kwa sababu laini hapa zinakufa kila siku. Pembe zimesuguliwa zisichubue ngozi ya mzee, ambayo ni nyepesi. Shaba itaacha alama ya kijani mkononi, fundi ametuonya, na limao linaitoa.

Swali la mtu kwenye kamati: si kama kumvisha mtu alama ya mbuzi? Tumekubaliana kwamba watavaa wote wanaotaka, wazima na wagonjwa. Mimi yangu nimeshavaa.

Jumamosi, 30 Agosti

Majuma haya tumekuwa tukizitembelea familia zilizoandikishwa. Lengo lilikuwa kujua nani ataweza kutembea na nani apelekewe mchango nyumbani. Nimerudi na mambo ambayo hayana safu kwenye jedwali la mweka hazina.

Mzee mmoja wa Kampemba, aliyekuwa fundi wa tanuru, anaamka saa tisa usiku, anavaa buti, anasubiri zamu. Mkewe amekoma kumwambia kiwanda kimemwacha tangu 2003, mwaka wa yale malipo ya kuondokea walipoondoka maelfu. Kila akimwambia, mzee anapata habari hiyo kwa mara ya kwanza na analia upya. Sasa anamwambia: leo ni kazi ya mchana, lala. Anavua buti, analala.

Bibi mwingine, mwenye asili ya Kasai, alisahau Kiswahili mwezi Mei. Si ghafla, kilimtoka polepole, kikabaki Kiluba cha utotoni mwake, ambacho wajukuu wake hawakijui hata salamu. Walidhani anaongea na wafu. Muuguzi alikuwa ametueleza kwamba sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya ndiyo inayoharibika mapema, na ya zamani hukaa zaidi, lugha ya kwanza ikiwemo. Tulimpeleka mama mmoja anayejua lugha ile. Walizungumza saa nzima. Alikuwa anaomba apunguziwe chumvi.

Na yuko mama aliyefukuzwa Likasi wakati ule wa 1992 na 1993, watu walipolala garini kwa majuma wakingoja treni ya kwenda Kasai. Yeye alirudi Katanga baadaye, akazeeka hapa. Sasa kila jioni anafunga mzigo. Sufuria, kitenge, biblia. Anauliza kama treni imefika. Mkwe wake aliniambia: "Miye nilikuwa sijue hata kama alipita mu ile mateso. Hakutuambiaka."

Kwa hiyo tumebadilisha mpango. Wasindikizaji tunawapanga kwa lugha: Kibemba, Kiluba cha Katanga, Kiluba cha Kasai, Kisanga, Kitetela. Kila mgonjwa na mtu wa lugha yake, mbali na ndugu, ili ndugu apumzike hata kwa yale masaa mawili.

Mama yangu mwenyewe nimemwandikisha, namba ya 17. Yeye Jumamosi huchukua mfuko wa nguo akasimama langoni, kungoja mposho. Katika kampi za Union Minière na baadaye Gécamines, wake za wafanyakazi walipanga foleni kupewa unga, mafuta, samaki wa chumvi. Duka lile lilifungwa zamani. Ukimwambia hivyo atakujibu kwamba wewe ni mtoto, hujui, wenzake wameshatangulia.

Jumamosi, 6 Septemba

Shule zimefunguliwa, nina madaftari ya kusahihisha, nitaandika kwa kifupi. Tisheti: fundi anataka dola 5 kwa moja. Kwa watu 200 ni dola 1,000. Tumekataa. Washona nguo wa mtaani wametupa vipande vya vitenge vilivyobaki, bure.

Rangi tumeazima kwa wale wa Marekani: zambarau kwa aliyefiwa, manjano kwa anayelea, chungwa kwa anayeunga mkono. Kule rangi ya buluu ni ya mgonjwa mwenyewe. Hiyo tumeiacha; mgonjwa atavaa anachotaka, hatumwekei kibandiko mtu ambaye mtaa umeshamwekea. Zambarau ndiyo iliyokosekana kwenye vipande, na ndiyo iliyohitajika kuliko zote. Wakati huohuo jakaranda zimefunguka mji mzima, barabara za mjini zimejaa zambarau ya bure kabisa. Watoto wa darasa langu wamejitolea kuokota.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo ilikuwa zamu ya wachungaji. Tumewaendea wengi, wa madhehebu yote. Wengine walisoma tangazo bila swali. Mmoja, ambaye simtaji wala kanisa lake, alimwambia mwenzetu kwamba mama yake asingeongea peke yake usiku kama hana la kuungama. Mwenzetu ni mpole, alimshukuru akatoka. Nje ndiko alikotetemeka.

Hili si dogo. Mzee anayetembea usiku, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayemshutumu mkwe kwamba kamwibia: hapa kwetu watu wanamaliza hesabu haraka sana, na jibu ni uchawi. Kuna waliofukuzwa nyumbani. Kuna waliofungiwa chumbani kwa kufuli. Basi bango la mbele tumeliandika kwa Kiswahili chetu cha hapa, bila kupamba: HAIKO BULOZI, NI BUGONJWA. Kuna aliyetaka liandikwe Kifaransa, lipendeze kwenye picha. Atakayerusha jiwe hasomi Kifaransa, nikamwambia.

Ijumaa, 19 Septemba

Viti 60, ndoo, vikombe, sukari kwa wenye kisukari wakishuka, machela mbili za vijana wa Msalaba Mwekundu. Wapiga ngoma wanasema watakuja. Polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, wawili wamethibitishwa.

Jumamosi, 20 Septemba

Tulipanga saa moja, tuliondoka saa mbili kasoro. Kwa Lubumbashi hiyo ni kuwahi.

Watu walikuwa wengi kuliko vitambaa. Wagonjwa wenyewe walikuja 31, na wengine waliangaliwa nyumbani na majirani. Ngoma tuliziweka mbele kabisa na wagonjwa nyuma, maana kelele huwavuruga. Kwenye karatasi ilikuwa hivyo. Fundi wa tanuru wa Kampemba alizisikia, akaacha msindikizaji wake, akawapita watu wote mpaka kwenye ngoma, na kuanzia hapo hadi mwisho alitembea mbele ya bango. Alikuwa amevaa buti. Mtu ambaye mkewe anasema hajatamka neno zima tangu Pasaka aliimba nyimbo za kazi ubeti kwa ubeti, na wapiga ngoma, vijana wa juzi, ndio waliokuwa wakimfuata yeye. Muuguzi alisema muziki hukaa sehemu ambayo ugonjwa huchelewa kufika. Hakusema kwamba tungelazimika kukimbia nyuma ya mzee wa miaka 79.

Wengine walichoka kwenye mwembe wa kwanza na wakabaki hapo, na hapo pakawa na matembezi yao: watu walikuja kukaa nao, kula karanga, kupiga soga. Bibi wa Kiluba cha Kasai alikaa katikati ya akina mama wanne wa lugha yake, na sijui walikuwa wanasema nini, lakini mmoja alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Mjukuu wake alikaa chini akiwaangalia kama anayeangalia filamu ya nchi nyingine.

Karibu na uwanja kundi la vijana wapenzi wa Mazembe lilisimama kutucheka kwanza. Walisoma bango. Mmoja akauliza, "Sasa ule tate wetu mwenye anaitaka mi jina la papa, eko na ile bugonjwa?" Tate ni babu. Yule mwenzetu mpole, yule wa mchungaji, ndiye aliyejibu, na alijibu robo saa nzima amesimama juani. Wanne kati yao walitufuata mpaka mwisho wakabeba viti. Daftari lina majina yao.

Mama yangu alitembea mpaka mwembe wa tatu, mfuko wake mkononi. Alikuwa akiniuliza kila hatua: "Leo banagawa nini?" Nilimwambia unga. Haukuwa uongo, maana wenye vinu walitimiza ahadi na magunia yalikuwa yakitungoja parokiani, ya kugawia familia. Alirudi kwa gari. Tulipofika alikuwa tayari kwenye foleni, nyuma ya mama mmoja wa Katuba, wamesimama wima kama wanaosubiri karani wa kampi. Alipewa kilo tano. Akazipima kwa mkono, akasema zimepungua kuliko za zamani, akakubali. Jioni hakwenda langoni.

Hakuna aliyepotea. Mmoja alianguka, goti tu, vijana wa Msalaba Mwekundu walimfunga. Saa nne na nusu viti vilikuwa vimesharudi kwa wenyewe.

Jumamosi, 27 Septemba

Hesabu, kama ilivyosomwa mbele za watu, kwa mtindo wa kilio:

Zilizoingia ni franka 4,180,000 taslimu na kwa simu, dola 310, na magunia 12 ya unga. Wale wawili waliotangaza kutochanga wamechanga, mmoja wao kwa jina la mke wake.

Zilizotoka: bangili 60, maji na vikombe, chakula cha vijana wa viti na wa ngoma, petroli ya gari la wagonjwa. Kilichobaki hatukukigawa kwa usawa kwa kila familia, na hapo palitokea kelele. Usawa unapendeza kuutaja, lakini mzee mwenye watoto sita waliopo si sawa na mzee anayelelewa na mjukuu wa miaka 15. Sehemu kubwa tumeiweka kwa ajili ya usiku: kuna akina mama watakaolipwa kulala kwenye nyumba zilizoelemewa, usiku mmoja kwa juma, ili anayelea alale. Nilipozunguka kuuliza watu wanataka nini, nilitegemea kusikia dawa, chakula, pampasi. Karibu wote walisema usingizi.

Sehemu nyingine ni nauli na ada ya kuwapeleka wagonjwa wakapimwe, kuanzia wale ambao hawajawahi kuonwa na yeyote. Wa kwanza wamekwenda juma hili. Mmoja, aliyedhaniwa ana demensia tangu mwaka jana, ameonekana tezi yake ya shingo haifanyi kazi, ameanzishiwa vidonge. Familia imeambiwa isubiri. Inasubiri kwa nguvu sana.

Hoja ya kwenda mjini mwakani imerudi mezani, na safari hii aliyeileta ni yule mama wa Katuba. Anasema mji nao una wazee, na una ngazi, na una watu wanaofunga milango. Mimi bado sikubali. Tumeiandika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Jedwali la hesabu tumelibandika kwenye lango la parokia tangu Jumatatu. Leo nimekuta mtu ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Ngoma zililipwa pesa ngapi? Mbona zimefichwa ndani ya chakula?" Mweka hazina alitaka tulibandue tuchape jipya. Nimemwomba tuliache. Tumejibu chini yake kwa kalamu ya buluu: ngoma hazikulipwa, wapiga ngoma wanne walikula sahani saba za bukari na sombe (ugali na kisamvu), franka 35,000, na ya nane alikula fundi wa tanuru, ambayo hatukuihesabu kwa sababu mpishi alikataa kuilipisha.

Bangili zilizobaki ni tatu. Fundi anasubiri oda mpya, na orodha ya wanaosubiri imefika ukurasa wa pili.